Choo kwanza, varanda baadaye: tupange mwaka wa kutengeneza nyumba zetu



Kila msimu wa korosho unapomalizika, anayepita katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa huona hali ile ile. Misingi mipya imechimbwa. Kuta zimefika usawa wa madirisha zikasimama. Bati zinang'aa juu ya nyumba ambazo bado hazina milango. Nyuma ya nyumba hizo hizo kuna uzio wa nyasi, na ndani yake shimo lililofunikwa kwa magogo yanayoliwa na mchwa. Hicho ndicho choo cha familia. Mvua zikianza, shimo linajaa maji na magogo yanateleza. Mama wa nyumba na binti zake wanangoja giza liingie ndipo wakajisitiri.

Sisemi kuwa watu wetu ni wavivu au hawana nia. Nasema kuwa tatizo letu kubwa ni mpangilio. Tunaanza mengi kwa pamoja, tunayaanza kwa wakati usiofaa, na tunatanguliza kinachoonekana barabarani kabla ya kinacholinda afya. Nyumba ya mkulima wa kawaida inaweza kubadilika ndani ya mwaka mmoja, inshaallah, ikiwa kazi zitachaguliwa chache, zikafuata misimu yetu, na kila moja ikamalizwa kabla ya nyingine kuanza.

Kwa nini choo kiwe cha kwanza

Muislamu hahitaji kusubiri bwana afya aje na faini ndipo achimbe choo. Dini yetu imeifanya twahara kuwa mlango wa swala. Katika Bukhari na Muslim tumepokea habari za watu wawili waliokuwa wakiadhibiwa makaburini, na mmoja wao kosa lake lilikuwa kutojikinga na mkojo. Na katika Abu Daud, Mtume (s.a.w) ametuonya tusijisaidie kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli ambavyo watu hupumzika. Huo ni usafi wa mtu na ni haki ya jirani pia.

Elimu ya afya inasema hayo hayo. Kinyesi kilicho wazi huchukuliwa na nzi hadi kwenye chakula, na mvua hukisomba hadi kisimani. Huko ndiko kunakotoka kuhara, minyoo na homa ya matumbo. Tunakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Nzi hao hao hueneza trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kumfanya mtu awe kipofu. Mwaka 2017 Serikali ilizindua kampeni iliyoitwa Nyumba ni Choo, na jina hilo lilisema kweli: nyumba isiyo na choo haijakamilika, hata ikiwa na bati jipya.

Liko pia suala la stara. Tunawahimiza wake na mabinti zetu wajihifadhi, halafu tunawapeleka vichakani usiku, ambako kuna nyoka na watu wabaya. Mwenye nyumba ataulizwa juu ya hilo kabla ya kuulizwa juu ya rangi ya ukuta.

Kupanga ni katika dini

Nabii Yusuf (a.s) aliwapangia watu wa Misri miaka ya neema ili iwavushe miaka ya njaa. Kisa chake kimo ndani ya Qur'an, na sisi wakulima tunapaswa kukisoma kwa makini zaidi kuliko wengine, kwa sababu fedha yetu huja kwa misimu.

Na sisi watu wa Nachingwea tunao mfano wa upande wa pili hapa hapa nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na kufyeka mapori kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua za maeneo hayo, na huku kusini wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kufika Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Ikiwa dola kubwa yenye wataalamu ilishindwa kwa kuanza kabla ya kupima, sembuse mkulima wa ekari tatu?

Jambo la kwanza la kupima ni kalenda. Ibada zetu tunazifuata kwa mwezi mwandamo, na ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Lakini shamba hufuata jua na mvua. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ufuta huvunwa kuanzia Mei na kuuzwa Juni na Julai. Mbaazi hufuata. Korosho huokotwa kuanzia Septemba na Oktoba, na fedha yake huingia kipindi kile kile mvua zinapokaribia.

Hapo ndipo penye mtego. Fedha kubwa ya korosho inakuja wakati ambao tofali mbichi haikauki, shimo linabomoka na njia ya kupitisha mchanga imekuwa tope. Mtu anaanza msingi Desemba, mvua inamkuta, na ikifika Juni fedha imekwisha. Kwa maoni yangu, kanuni yetu iwe hii: fedha ya ufuta ilipe kazi, na fedha ya korosho inunue vitu visivyoharibika.

Mwaka wenyewe uende hivi

Juni hadi Agosti iwe miezi ya choo na bafu. Ardhi ni kavu na maji ya chini yameshuka. Choo kiwe mita zisizopungua 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kama udongo ni wa kichanga, sehemu ya juu ya shimo ijengewe tofali kwa ndani. Sakafu iwe ya zege, inayoweza kuoshwa, na tundu liwe na mfuniko. Zege imwagiwe maji kwa siku 7 kabla ya kukanyagwa. Wengi huipuuza hatua hii, kisha wanalaumu saruji. Weka bomba la kutolea hewa lililopita juu ya paa, na mdomo wake uzibwe kwa wavu ili nzi wasitoke. Maji ya bafuni yawe na shimo lake mbali na la choo. Mlangoni pa choo tundika kibuyu chirizi na sabuni.

Jambo jingine ambalo fundi asiyekumbushwa hulisahau ni Qibla. Mtume (s.a.w) amekataza kukielekea Qibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Wanachuoni wamekhitilafiana kuhusu aliye ndani ya jengo, lakini anayejenga upya hana sababu ya kuingia katika khitilafu hiyo, kwa kuwa gharama ni ile ile. Kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Kwa hiyo tundu lilazwe ili mwenye kuchutama aelekee mashariki au magharibi.

Septemba na Oktoba iwe miezi ya vyumba vya kulala na paa, kabla ya mvua. Mikoa ya kusini imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa yenye malaria nyingi. Mbu huingia kwa wingi kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Uzibe mwanya huo kwa udongo au wavu, weka wavu madirishani, na ziba nafasi iliyo chini ya mlango. Usizibe madirisha kabisa, kwani chumba kisicho na hewa huleta joto, na mwenye joto huondoa chandarua. Kazi hii ni ya gharama ndogo ukiilinganisha na nguzo mbili za varanda.

Katika mkoa jirani wa Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 katika vijiji 60 ili kupima kama nyumba bora huwapunguzia watoto malaria, kuhara na magonjwa ya kifua. Vyumba vyake vya kulala viko juu, madirisha yana nyavu, jiko halijazi moshi ndani, kuna choo, na maji ya mvua hukingwa kutoka kwenye paa. Si lazima nawe ujenge ghorofa. Lakini itazame orodha ya waliotafuta afya ya mtoto: hakuna marumaru wala nguzo za mapambo.

Novemba hadi Januari, fedha ya korosho ikiingia, anza kwa kutoa wajibu: zaka kwa iliyemfikia, madeni, akiba ya chakula, na mahitaji ya shule ya Januari. Kinachobaki kinunue bati, nondo, mabomba, nyavu, bawaba na mifereji ya paa. Usinunue saruji ya kutumia Juni, maana huvuta unyevu wa mvua na kuganda ndani ya mfuko. Mifereji ifungwe mara moja, kwa kuwa mvua ndiyo hiyo. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 400. Hata ukipoteza robo, umepata ndoo 15 za lita 20 ambazo hakuna mtoto aliyezibeba kichwani. Maji ya kwanza ya msimu yaache yaoshe paa, na chombo kifunikwe ili mbu wasizaliane humo.

Februari hadi Mei usijenge. Chimba mifereji ya kuondoa maji yanayotuama, fyeka majani, panda miti ya kivuli, na mwezi Mei mvua zikipungua inua jiko la udongo lenye pa kutokea moshi. Kazi hizi zinataka mikono zaidi ya fedha. Na huo ndio wakati wa kukaa na fundi mkapatana kwa ajili ya Juni.

Fundi na daftari

Mapatano yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na bado sisi tunajenga kwa maneno ya kijiweni. Andikeni kazi, vipimo, bei na siku ya kumaliza. Fundi alipwe kwa hatua: shimo, sakafu, kuta, paa. Akimaliza hatua, apewe haki yake bila kuzungushwa, kwani tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na fundi naye ajue kuwa kuchukua fedha za watu watano na kuanza kwa wote bila kumaliza kwa yeyote ni khiyana.

Wapo watakaosema: bei ya mnadani hupanda na kushuka, mtu atapangaje? Ni kweli. Tunakumbuka msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupanga kazi ndogo zinazokamilika. Fedha isiyofika mkononi isiahidiwe kwa fundi wala kwa duka. Bei ikianguka, choo kilichokamilika kitabaki choo, ila nusu ya nyumba kubwa itabaki kuwa kichaka cha nyoka.

Wengine watasema varanda ni heshima ya mtu. Mgeni akishakaa kwenye varanda hiyo, ataomba maji ya udhu na kuuliza choo kiko wapi. Heshima yako itakuwa imebaki wapi hapo?

Tuseme pia ukweli kuhusu sherehe. Kumtahiri mtoto ni sunna. Turubai, muziki wa kukodi na sare za ngoma za unyago na jando si sunna, nazo huondoka na fedha ambayo ingejenga choo cha zege. Mtoto afanyiwe tohara, na arudi katika nyumba yenye twahara.

Misikiti yetu nayo ina nafasi. Kamati ya msikiti ikinunua kalibu moja ya kufyatulia sakafu za vyoo, waumini wataitumia kwa zamu. Watu watano wakichimbiana kwa zamu, mashimo matano yatakwisha kabla ya mnada wa mwisho wa ufuta. Wa kwanza kuhudumiwa wawe wajane na wazee. Na choo cha msikiti wenyewe kiwe mfano, kisiwe cha kuombea radhi.

Ndugu msomaji, usiku wa leo kaa na mkeo na wanao wakubwa, mfungue daftari. Mwulize mama wa nyumba nini kinamtesa zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua nyumba mchana na usiku. Andikeni kazi tatu tu za mwaka huu, kila moja na mwezi wake na fedha yake. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Kazi tatu zikikamilika kila mwaka, baada ya miaka minne zitakuwa kumi na mbili, na varanda itakuwa mojawapo, ikiwa bado mnaitaka.

Wabillahi tawfiq.