Ritifaa Nayo Ni Yetu

Wanachama wenzangu, hapa Port Victoria hata mtoto wa chekechea anajua kutamka ng'ombe. Tarakilishi je? Juzi niliandika programu ya C ya kusajili wanachama. Nikatumia isalpha, iliyomo katika ctype.h: hupokea alama moja, ikiwa ni herufi hujibu namba isiyo sifuri, isipokuwa herufi, sifuri. (Tarakimu zina isdigit yake.) Weee! Wenzetu wawili wenye ng' majinani wakafungiwa nje, kwani kwa isalpha ritifaa si herufi. Yuko aliyesema, "Si wafute tu hicho kialama!" Nakataa katakata. Ng' ni sauti moja, na jina la mtu halikatwi ili mashine iridhike. Nimeongeza sharti moja: ritifaa ikifuata n na g, ipite. Jana wote wawili wamesajiliwa.