Mnunuzi Asifungwe Mdomo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika mnada wa intaneti mnunuzi haishiki bidhaa mkononi. Ana picha tu, na maneno ya walionunua kabla yake.

Pierre Omidyar alianzisha mnada wa eBay huko Marekani mwaka 1995, na mwaka uliofuata ukawekwa utaratibu wa muuzaji na mnunuzi kupeana sifa hadharani. Nia ilikuwa njema. Lakini wauzaji wengi walizoea kungoja: mnunuzi akisema saa aliyoletewa ni mbovu, naye hulipizwa sifa mbaya. Basi wengine wakanyamaza kwa kuogopa, na sifa za wauzaji zikang'aa isivyo haki.

Mwaka 2008 eBay iliwakataza wauzaji kuwapa wanunuzi sifa mbaya. Wauzaji walilalamika, kwani wako pia wanunuzi wasiolipa.

Hata hivyo, twaona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Asiyelipa hushtakiwa kwa wenye mnada. Aliyekwisha kulipa hana silaha ila ulimi wake, na akinyamaza amemwachia mtego anayekuja nyuma yake. Na aseme basi, lakini aseme kweli, bila kuzidisha wala kupunguza.