Rupia ya Mjerumani na wajanja wa Moshi

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie.

Jirani wa shangazi yangu kule Kibosho, mzee wa watu, aliokota sarafu akilima kihambani. Upande mmoja tai, upande wa pili tembo kanyanyua mkonga, nyuma yake milima. Akashuka nayo mjini. Kijana mmoja pale karibu na stendi akamnong'oneza: "Mzee wangu, ficha hiyo, wakiiona watakunyang'anya. Nipe nikamwonyeshe Mzungu hotelini, nakuja sasa hivi."

Alirudi baada ya saa nzima. Eti Mzungu kaikataa. Sarafu aliyorudisha inang'aa kama kijiko kipya, na ile alama ya jembe haipo tena. Nimeijaribu kwa sumaku, ikanasa. Dhahabu hainasi.

Ya kwanza ilikuwa halisi? Hakuna aliyeipima, ndiyo maana nimeudhika. Sarafu ya tembo ya rupia 15 ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani. Ziko kama 16,000 tu, kila moja gramu 7 na kidogo. Wakusanyaji wanazitafuta sana, na za bandia zimejaa. Nyingi tunazookota huku kwetu ni heller za shaba, zile zilizotuachia neno "hela". Hizo zilitolewa kwa mamilioni, usiuze ng'ombe kwa ajili yake.

Kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa sarafu na kadi huko Ulaya na Marekani wizi upo pia. Lakini mwenye mali anaiweka chini ya kioo mbele za watu, mnunuzi anaikagua palepale. Sisi tunauza vichochoroni kwa kunong'onezana, kana kwamba tumeiba, na tapeli anapenda hivyohivyo. Kwa maoni yangu ile "ficha, mzee" ndiyo iliyomliza, kuliko hata wepesi wa vidole vya yule kijana. Mzee angeipiga picha pande zote mbili, akaipima kwa sonara watu wakiona, halafu huyo Mzungu angeletwa mezani. Asingekuja, basi hakuwepo.

Jumapili nilimweleza habari ya sumaku. Akaifunga sarafu kwenye leso taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama namfahamu Mzungu mwingine.