Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Fiston Mayele

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023 ilichezwa kwa mikondo miwili kati ya Young Africans (Yanga) ya Dar es Salaam, Tanzania, na USM Alger ya Algiers, Algeria. Mkondo wa kwanza ulifanyika tarehe 28 Mei 2023 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wilayani Temeke, na USM Alger ilishinda 2-1. Mkondo wa pili ulifanyika tarehe 3 Juni 2023 jijini Algiers na Yanga ilishinda 1-0. Jumla ya mabao ikawa 2-2, na kombe likaenda Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Mfungaji bora wa mashindano yale alikuwa mshambuliaji wa Yanga, Fiston Mayele, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyefunga mabao 7.

Hii ilikuwa fainali ya pili ya Afrika kuchezwa na klabu ya Tanzania bara. Ya kwanza ilikuwa ya Simba mwaka 1993 na ya tatu ilikuwa ya Simba tena mwaka 2025. Zote tatu zilipotea. Mara nyingi mashabiki hueleza matokeo hayo kwa ubora wa wapinzani, kwa waamuzi au kwa bahati. Ukizipanga fainali hizo pamoja, jambo jingine huonekana: katika zote tatu, klabu ya Tanzania haikushinda mchezo wa nyumbani.

Njia ya Yanga kuelekea fainali

Yanga haikuanza msimu ule katika Kombe la Shirikisho. Ilianza katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikaitoa Zalan ya Sudan Kusini, kisha ikatolewa na Al-Hilal ya Omdurman mwezi Oktoba 2022 baada ya sare ya 1-1 Dar es Salaam na kufungwa 1-0 Sudan. Kwa utaratibu wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) wa wakati ule, timu iliyotolewa katika hatua hiyo ilishushwa kwenye Kombe la Shirikisho na kucheza mechi za mchujo kabla ya makundi.

Katika mchujo Yanga ilikutana na Club Africain ya Tunisia. Mchezo wa Dar es Salaam uliisha 0-0, na wengi waliona safari imekwisha. Wiki moja baadaye, jijini Tunis, Stephane Aziz Ki alifunga bao pekee la mchezo. Ushindi huo ulikuwa muhimu kuliko ulivyoonekana wakati ule, kwa sababu klabu za Tanzania zilikuwa na sifa ya muda mrefu ya kurudi mikono mitupu kutoka Afrika ya Kaskazini.

Kwenye kundi lake Yanga ilikuwa na US Monastir ya Tunisia, TP Mazembe ya Kongo na Real Bamako ya Mali. Ilipoteza mchezo wa kwanza 2-0 kule Tunisia, lakini haikufungwa tena katika kundi na ikamaliza kileleni ikiwa na pointi 13. Mchezo wa mwisho iliushinda 1-0 mjini Lubumbashi, kwenye uwanja wa Mazembe, kwa bao la Farid Mussa. Robo fainali ilikuwa dhidi ya Rivers United ya Nigeria: Mayele alifunga mabao mawili ugenini, na marudiano ya Dar es Salaam yakaisha 0-0. Katika nusu fainali Marumo Gallants ya Afrika Kusini ilifungwa 2-0 Dar es Salaam na 2-1 kwao.

Hesabu ya njia hiyo inashangaza kidogo. Kuanzia mchujo hadi fainali Yanga ilishinda ugenini mara tano: Tunis, Lubumbashi, Nigeria, Afrika Kusini na mwishowe Algiers. Katika mabao 7 ya Mayele, 4 aliyafunga ugenini. Nyumbani, katika mechi zote za Kombe la Shirikisho msimu ule, Yanga ilifungwa mara moja tu, na mara hiyo moja ilikuwa siku ya fainali.

Mchezo wa Temeke

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 na una nafasi za watu wapatao 60,000. Umejengwa jirani na Uwanja wa Uhuru, ambao zamani ndio uliokuwa Uwanja wa Taifa. Kwa miaka mingi mashabiki wa Simba, na baadaye wa timu nyingine, wamekuwa na msemo kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, yaani mgeni yeyote anayeingia pale hutoka amefungwa. Msemo huo ulikuwa na msingi katika matokeo. USM Alger ilikuwa haiujui, au iliujua na haikuujali.

Jumapili ile ya Mei 28 wageni walitangulia kufunga dakika ya 32 kupitia Aymen Mahious. Yanga ilishambulia kwa muda mrefu bila mafanikio, hadi dakika ya 82 Mayele alipofunga na kufanya matokeo kuwa 1-1. Ndipo likaja jambo lililoamua kombe. Dakika mbili tu baada ya bao la kusawazisha, uwanja ukiwa bado unashangilia, Islam Merili aliifungia USM Alger bao la pili.

Kosa la Yanga halikuwa la ufundi pekee. Timu iliyosawazisha zikiwa zimesalia dakika nane inaweza kuchagua moja kati ya mawili: kutafuta bao la ushindi au kulinda sare na kwenda kumaliza kazi ugenini. Yanga, timu iliyokuwa imeshinda ugenini mara nne katika safari zake nzito, ilikuwa na sababu nzuri za kuchagua la pili. Ilichagua la kwanza, kama umati ulivyotaka. Ni vigumu kuwalaumu wachezaji waliokuwa wakisukumwa na sauti za maelfu ya watu, lakini ni vigumu zaidi kudai kwamba kombe lilipotea Algiers.

Siku hiyo ilikuwa pia na msiba. Serikali ilitangaza kwamba mtu mmoja alifariki na wengine 30 kujeruhiwa katika msongamano uwanjani. Habari hiyo ilififia haraka katika mjadala wa mabao, ingawa uzito wake ni mkubwa kuliko matokeo yoyote. Katika mechi kubwa za Dar es Salaam watu hufika mapema sana na wengi hukusanyika mbele ya mageti wakati mmoja, huku wasio na tiketi nao wakiwa hapo hapo. Uwanja wenyewe ni wa kisasa. Shida huwa nje yake, kwenye njia za kuingilia.

Kanuni ya bao la ugenini

Kanuni hii inasema kwamba timu mbili zikilingana kwa jumla ya mabao baada ya mikondo miwili, ile iliyofunga mabao mengi zaidi ugenini ndiyo mshindi. USM Alger ilifunga mawili Dar es Salaam. Yanga ilifunga moja Algiers, kwa mkwaju wa penalti wa Djuma Shabani katika dakika ya 7. Hivyo mawili kwa moja. Kama Merili asingefunga dakika ya 84, mchezo wa kwanza ungeisha 1-1, na ushindi uleule wa 1-0 kule Algiers ungeipa Yanga kombe kwa jumla ya 2-1. Bila kanuni hiyo kuwepo, matokeo ya 2-2 yangepeleka timu kwenye muda wa nyongeza au penalti.

Shirikisho la soka la Ulaya lilikuwa limeifuta kanuni hiyo mwaka 2021. CAF iliendelea nayo. Isitoshe, fainali za Kombe la Shirikisho za 2020, 2021 na 2022 zilichezwa kwa mchezo mmoja tu, na mwaka 2023 ndio CAF iliporudisha mikondo miwili. Baadhi ya mashabiki wameona hapo dalili ya uonevu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa kanuni zilijulikana tangu mwanzo na ziliwabana wote sawasawa. Fainali ya mchezo mmoja isingechezwa Temeke kwa vyovyote, isipokuwa kama Tanzania ingekuwa mwenyeji.

Katika marudiano Yanga ilicheza vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kipa wake, Djigui Diarra wa Mali, aliokoa penalti, na timu ililinda bao lake hadi mwisho mbele ya umati mkubwa na moshi wa fataki. Ilikosa bao moja tu. Huko Dar es Salaam mchezo ulifuatiliwa usiku katika baa na vibanda umiza vya Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tandale, na mashabiki wengi walijikuta katika hali isiyo ya kawaida: timu yao imeshinda fainali na kombe linachukuliwa na wengine.

Kocha wa USM Alger, Abdelhak Benchikha, aliajiriwa na Simba mwezi Novemba mwaka huohuo. Kocha wa Yanga, Nasreddine Nabi wa Tunisia, aliondoka baada ya msimu kwisha.

Fainali nyingine mbili

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, mashindano ambayo baadaye yaliunganishwa na mengine kuwa Kombe la Shirikisho. Mpinzani alikuwa Stella Club ya Abidjan, Côte d'Ivoire. Simba ilipata sare ya 0-0 ugenini, matokeo ambayo timu yoyote ingeyapokea kwa furaha, kisha ikafungwa 2-0 mbele ya mashabiki wake katika Uwanja wa Taifa, hatua chache kutoka ulipo sasa Uwanja wa Mkapa.

Mwaka 2025 Simba ilifungwa 2-0 na RS Berkane ya Morocco katika mkondo wa kwanza. Marudiano ya Mei 25 yalihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, wenye nafasi za watu wapatao 15,000, kwa kuwa Uwanja wa Mkapa haukuwa tayari. Joshua Mutale alifunga mapema, lakini Simba ikabaki na wachezaji kumi baada ya Yusuf Kagoma kuonyeshwa kadi nyekundu, na wageni wakasawazisha mwishoni. Matokeo yakawa 1-1.

Fainali tatu, basi, zimeleta nyumbani matokeo ya 0-2, 1-2 na 1-1. Mechi tatu ni chache mno kuthibitisha kanuni yoyote. Zinatosha, hata hivyo, kutilia shaka imani kwamba uwanja uliojaa unaweza kufanya kazi ya safu ya ulinzi.

Fiston Mayele

Fiston Kalala Mayele alizaliwa mwaka 1994 nchini Kongo na alijiunga na Yanga mwaka 2021 akitokea AS Vita Club ya Kinshasa. Mashabiki walimpokea mapema: Septemba 2021 alifunga bao pekee dhidi ya Simba katika Ngao ya Jamii, na Agosti 2022 akafunga yote mawili Yanga iliposhinda 2-1 katika mchezo kama huo. Mtindo wake wa kushangilia kwa kutetemesha mwili ukaitwa kutetema, na watoto wa Temeke na Kinondoni wakauiga kila walipofunga kwenye viwanja vya vumbi.

Msimu wa 2021/22 alifunga mabao 16 ya ligi, moja pungufu ya George Mpole wa Geita Gold. Msimu uliofuata alifikisha 17 na kuongoza sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi katika misimu yote miwili. Baada ya fainali ya Algiers aliuzwa kwa Pyramids ya Cairo, Misri.

Pengo lake lilionekana waziwazi msimu wa 2023/24. Yanga ilirudi Ligi ya Mabingwa, ikaifunga CR Belouizdad ya Algeria 4-0 kwa Mkapa na kufika robo fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Mchezo wa Dar es Salaam uliisha 0-0, na wa Pretoria ukaisha 0-0 pia. Yanga ikatolewa kwa penalti 3-2. Watanzania wanalikumbuka shuti la Aziz Ki ambalo waliona limevuka mstari na mwamuzi akalikataa, na malalamiko hayo yana haki ya kusikilizwa. Lakini dakika 180 bila bao zinaeleza jambo lingine ambalo mwamuzi hahusiki nalo. Mfungaji bora wa ligi msimu ule alikuwa Aziz Ki mwenyewe, kiungo.

Tarehe 1 Juni 2025, jijini Cairo, Pyramids ilicheza marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Sundowns haohao, baada ya sare ya 1-1 Afrika Kusini. Mayele alifunga bao la kwanza dakika ya 24, Pyramids ikashinda 2-1 na kutwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Septemba mwaka huo alifunga mabao yote matatu Pyramids ilipoifunga Al-Ahli ya Saudi Arabia 3-1 mjini Jeddah katika mashindano ya FIFA, na mwezi Novemba CAF ilimtunuku tuzo ya mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza katika klabu za Afrika.