Tasnifu Zihamapo, Zihame na Anwani Zake

Kati ya mwaka wa 2013 na mwaka wa 2016, upande wa mashariki wa Mlima Kenya ulipata vyuo vikuu kamili vitatu. Chuka na Meru vilipewa hati zao mwaka wa 2013, na Embu kikapewa yake mwaka wa 2016. Kabla ya hapo vyote vilikuwa vyuo vishiriki: Chuka chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, Meru chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na Embu chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanafunzi aliyehitimu Embu au Meru katika miaka hiyo ya awali alitunukiwa shahada kwa jina la chuo mama. Hapa ndipo linapozuka swali ambalo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapaswa kulivalia njuga: tasnifu za miaka hiyo zinakaa wapi, na zikihamishwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, zinahama na nini?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Tasnifu ilikuwa kitabu chenye jalada gumu, na aliyetaka kuihamisha aliibeba. Siku hizi huhifadhiwa katika ghala la kidijitali. Vyuo vingi vya Kenya huendesha maghala hayo kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2002 na chuo cha MIT cha Marekani kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard. Ghala hukaa katika seva, na seva huzeeka, hujaa na huharibika. Programu yenyewe nayo haitulii: toleo la 7 lilitoka mwaka wa 2021 likiwa limeziacha sura zote mbili za zamani, na toleo la 6 likakoma kuhudumiwa mwezi Julai mwaka wa 2023. Kwa hivyo hata chuo ambacho hakijatengana na mama yake hulazimika kuhama, na kitahama tena.

Jinsi uhamisho unavyofanyika ni jambo ambalo aghalabu huachiwa mafundi wa tarakilishi. DSpace humpa fundi njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza, kila tasnifu hutolewa ndani ya folda yake: faili la tasnifu yenyewe, kadi ya maelezo (mwandishi, anwani ya kazi, mwaka, ikisiri, lugha), orodha ya mafaili yaliyomo, na kijifaili chenye namba ya kudumu ya tasnifu hiyo. Seva mpya inaweza kuisoma namba hiyo na kuirejeshea kila tasnifu. Lakini ipo amri ya ziada, ya herufi moja tu, m, inayoiambia programu kuwa tasnifu zinatolewa ili zihamie seva nyingine. Fundi akiiandika herufi hiyo, programu huondoa namba ya kudumu, tarehe ya kupokelewa, na maelezo ya aliyeipokea, kwa hoja kwamba seva mpya itaunda vyake. Njia ya pili hufunga kila kitu katika mafurushi ya kuhifadhia: namba, mpangilio wa idara na mikusanyo, hata ruhusa za nani asome nini.

Herufi moja! Uamuzi wa kitaaluma umefichwa ndani yake, na unafanywa na mtu ambaye hakuajiriwa kuufanya. Hapaswi kulaumiwa, hakuna mhadhiri aliyemwambia kuwa tofauti ipo.

Namba yenyewe ina sehemu mbili. Inayotangulia mkwaju ni ya chuo, na inayofuata ni ya tasnifu. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kina namba 11295 katika mfumo wa kimataifa uitwao Handle. Msomaji akiifuata namba iliyosajiliwa kupitia mfumo huo, hupelekwa mahali tasnifu ilipo leo, hata kama seva imebadilika mara tatu, mradi chuo kimeuarifu mfumo. Usajili hulipiwa ada ndogo. Chuo kisiposajili, DSpace hutumia namba ya mfano iliyowekwa na watunzi wake: 123456789. Maghala mengi duniani, yakiwemo ya Kenya, yamebaki na namba hiyo ya mfano kana kwamba ndiyo jina lao. Sasa, mama na mtoto wakiwa wote wana 123456789, tasnifu ya 40 ya mama na tasnifu ya 40 ya mtoto zina anwani moja. Siku mikusanyo yao ikiwekwa pamoja, lazima mmoja apokonywe jina.

Hasara ya mambo haya humwangukia nani? Chukua mfano wa mwanafunzi wa uzamili wa Embu anayetafiti nyimbo za jando. Ananukuu tasnifu ya mtangulizi wake na kuandika anwani yake ya mtandaoni katika marejeleo. Kabla kazi yake haijatahiniwa, seva inabadilishwa. Mtahini wa nje anabofya anwani hiyo na kukuta ukurasa mtupu. Hatamshuku fundi, atamshuku mwanafunzi kwa kubuni marejeleo.

Wanafasihi wana mfano wao wa karibu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa kwanza katika kumbukumbu za watu kama Mwalimu Sikujua, yakaandikwa na mmishenari W. E. Taylor, kisha William Hichens akayachapisha mwaka wa 1940. Karatasi za Taylor na za Hichens zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Kama zilistahili kwenda huko ni mjadala mwingine, na ni mjadala mkali. Hata hivyo, zilipoingia maktabani zilipewa namba na kuorodheshwa, na ndiyo sababu mtafiti wa leo anaweza kutaja ukurasa fulani wa mswada fulani na mwenzake akaupata.

Kuna hatari nyingine inayoihusu lugha moja kwa moja. Kimeru na Kiembu huandikwa kwa irabu zenye kialama juu, ĩ na ũ, na irabu hizo hujitokeza katika anwani za kazi za Kiswahili zinazolinganisha lugha hizi. Kadi za maelezo zikisomwa na seva mpya kwa usimbaji usio sahihi, Kĩmĩrũ hugeuka kuwa KÄ©mÄ©rÅ©. Tasnifu ipo, lakini hakuna atakayeitafuta kwa jina hilo.

Kiswahili chenyewe hakijapona. Orodha ya lugha inayokuja na DSpace, ambamo anayeingiza tasnifu huchagua lugha ya kazi, ina Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, Kijapani na nyinginezo, Kiswahili hakimo. Huongezwa tu iwapo fundi ataandika mstari mmoja katika faili la mipangilio. Chuo kilichouandika mstari huo kikisimika toleo jipya bila kuhamisha mipangilio yake, mstari hupotea. Tangu hapo, tasnifu ya Kiswahili huingizwa kama ya Kiingereza au kama ya lugha nyingineyo.

Wapo watakaosema kuwa mitambo ya kutafutia, kama Google, itaipata kazi yoyote popote ilipo. Hoja hii ina nusu ya ukweli tu. Mitambo hiyo husoma kadi zilezile zilizoharibika, tena tasnifu nyingi za zamani ni picha za kurasa ambazo maneno yake hayasomeki kwa mashine. Wengine watasema hili ni suala la maktaba. Naam, lakini mkutubi asiyejua Kiswahili hawezi kutambua kuwa ikisiri imekatwa katikati.

Kwa hivyo idara za Kiswahili za Meru na Embu zidai mambo machache kabla ya uhamisho ujao. Chuo kiwe na namba yake iliyosajiliwa. Namba za zamani zihame na tasnifu zake, na pale zinapogongana, anwani ya kale ielekezwe kwenye mpya. Mstari wa Kiswahili uhame na mipangilio mingine. Tena seva ya zamani isizimwe hadi mhadhiri mmoja na wanafunzi wawili au watatu wa Kiswahili wazifungue tasnifu kadhaa katika seva mpya, wazisome kadi zake neno kwa neno, wazilinganishe na nakala za karatasi zilizo rafuni, na kutia sahihi kuwa wamezikuta zilivyokuwa.