Fizi: Kilo za mtoto zikikisiwa, dawa nayo inakisiwa

Baraka au kwingine wilayani Fizi, mtoto mwenye degedege akiletwa usiku, mara nyingi muganga hana nafasi ya kumpandisha kwenye mizani. Dawa za watoto hutolewa kwa kilo, basi anakisia: miaka jumlisha 4, mara 2. Wa miaka 4 anahesabiwa kilo 16.

Hesabu hiyo inamfaa mtoto anayekula vizuri. Hapa vita vimewafukuza watu mashambani, na Lusenda na Mulongwe kuna wakimbizi wa Burundi. Mtoto huyo anaweza kuwa na kilo 12 tu. Diazepamu ya kupitishia njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo: atapewa 8 badala ya 6, na ikizidi inaweza kudhoofisha pumzi.

Utepe wa Broselow, wa Marekani, hukisia kwa urefu. Ni afadhali kuliko umri (wengine hata tarehe ya kuzaliwa haijaandikwa popote), ila nao huwaongezea kilo waliokonda. Wahudumu wa lishe wana utepe wa mkono: chini ya milimita 115, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, ni utapiamlo mkali. Mbona usiwekwe pia kwenye chumba cha dharura? Mtoto akitulia, apimwe kwenye mizani kabla ya dozi nyingine.