Hicho Kidogo cha Mtume Paulo



Ndugu wapendwa, kila ninapowahimiza watu wazima wa parokia yetu kufanya mazoezi ya mwili, hujibiwa kwa Maandiko. Hunikumbusha kwamba Mtume Paulo alimwambia Timotheo ya kuwa mazoezi ya mwili yana faida kidogo, ukilinganisha na uchaji wa Mungu (1 Tim 4:8). Leo nawajibu kwa aya hiyo hiyo. Mtume hakusema kwamba hayana faida. Alisema kidogo, nami naomba hicho kidogo tu.

Tukisikia neno mazoezi, twafikiri viatu vya bei na saa nzima ya kukimbia alfajiri, kisha twasema hatuna nafasi. Udhuru huo umekwisha nguvu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitaka mazoezi yafanywe kwa vipindi visivyopungua dakika 10. Mwaka 2020 liliondoa sharti hilo. Dakika 150 za wiki zaweza kukusanywa kidogo kidogo. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti juu ya watu wapatao 25,000 wa Uingereza ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Waliojikaza kwa dakika moja au mbili, mara tatu hivi kwa siku, katika shughuli zao za kawaida, walikuwa na vifo vichache kuliko wasiojikaza kabisa. Utafiti huo peke yake hauthibitishi kila kitu, lakini watuondolea kisingizio.

Tutazame maisha yetu. Twapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika tano. Mtu mzima humwita mtoto kutoka uani aje kumpa rimoti iliyo mezani. Kisha Dominika twaleta nia za Misa kuwaombea wenye shinikizo la damu na kisukari! Simlaumu mgonjwa, maana magonjwa yana sababu nyingi, na nia hizo nitazipokea daima. Lakini kuomba afya huku tumekataa kuinuka kitini ni kumjaribu Mungu.

Wengine husema kuushughulikia mwili ni anasa. Katekisimu yakataa kuuabudu mwili (2289), lakini kabla ya hapo yatufundisha kuwa uhai na afya ni vipaji tulivyokabidhiwa na Mungu tuvitunze (2288). Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor 6:19). Hekalu haliabudiwi, wala haliachwi libomoke.

Kanisa limekwisha kutuwekea ratiba. Sala ya Malaika wa Bwana husaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Ukiisha kuisali, tembea upesi au panda kilima kwa dakika mbili, mpaka pumzi ikuharakie. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Mara tatu kwa siku, dakika sita kwa jumla: nani kati yetu hana dakika sita?

Nawatakieni Dominika njema.